Mtani wa Mzee Mwishehe

Baba yangu, Mzee Mwishehe, alikuwa na nyumba ya vyumba sita pale Mtoni, upande wa Barabara ya Kilwa unaoteremkia bondeni. Sie wenyewe tulikaa vyumba vya mbele: Baba na mama yangu Mwanakombo, kaka yangu Salumu, na mie Chausiku, niliyekuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika. Vyumba vya nyuma walikaa wapangaji. Kile cha mwisho, karibu na uani, alikaa Mhaya mmoja aitwaye Kornelio na mkewe Kokushubira. Kornelio alikuja mjini baada ya vita ya Hitla, akapata ukarani bandarini kwa sababu mapadri wa kwao walikuwa wamemsomesha.

Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mpole. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni na matamshi yake ya Bukoba moja kwa moja. Baba alimpenda sana. Jioni walikaa barazani wakinywa kahawa, Kornelio akimsomea Baba gazeti, Baba akimsimulia Mtoni ya zamani, ilipokuwa minazi na fisi. Kornelio akichelewa kurudi kutoka kazini, Baba hutuliza moyo wake kwa kutusumbua sie: "Yule Mhaya wangu yuko wapi?"

Salumu hakumpenda. Naye aliwahi kuomba ukarani bandarini, akaambiwa hana shule. Miaka yake yote ya chuoni kwa Maalim Fakihi, mpaka akahitimu Kurani, Wazungu hawakuihesabu kuwa ni kusoma. Basi akawa anabeba magunia kwenye gati lile lile ambalo Kornelio alisimama na penseli sikioni. "Sie tumezaliwa hapa," alisema, "wao wameshuka juzi kwenye treni, na wao ndio wanatuita majina asubuhi." Hakuna aliyeweza kumbishia, maana ndivyo ilivyokuwa.

Hata hivyo tuliishi vizuri. Ng'ambo ya njia walikaa Wanyamwezi, na hao ni watani zetu Wazaramo tangu enzi za misafara. Akifa mtu kwetu, wao ndio huchimba kaburi, huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, huzuia jeneza mlangoni mpaka wapewe kitu. Watakutukana siku ya msiba na huruhusiwi kukasirika. Kazi yako ni kuwarudishia matusi yao. Mara ya kwanza Kornelio alipoona mambo hayo alikimbilia chumbani akafunga mlango, akidhani vita imezuka matangani. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Alimweleza utani ni nini, na tangu siku ile Kornelio hakukosa msiba wa mtaa. Alisimama kando, mikono nyuma, akitazama kama mtu aliye kanisani.

"Sie kwetu tunao watani wetu," aliniambia siku moja, "lakini wako huko huko kwetu. Huku mimi nikifa, dada Chausiku, nitazikwa kimya."

Kisha ukaja mwaka ambao vuli ilikosekana kabisa.

Kisima chetu kilikuwa kimoja chenye maji matamu, na kilichimbwa na babu zetu. Mwezi hadi mwezi maji yakashuka, kamba za ndoo zikaongezwa vipande. Wanawake wakaanza kusukumana. Ndoo zikapasuliwa, mmoja akang'olewa hereni. Malalamiko yakafika kwa bwana shauri, Mzungu kijana, msafi, mwenye haraka. Alikuja na mkalimani, akasimama kisimani kwa muda wa kuvuta sigara moja, akatoa hukumu. Wenyeji watateka kuanzia alfajiri mpaka alasiri. Watu wa kuja watateka baada ya hapo, mpaka magharibi. Ubao ukapigwa misumari kwenye mti, na Salumu akachaguliwa kuwa msimamizi, akapewa kofia nyekundu.

Bwana shauri aliona amemaliza ugomvi. Kwa kweli zile ngumi za kisimani zilikoma, lakini kitu kingine kikaanza, na mie nilikiona kikikua mbele ya macho yangu. Zamani pale kisimani mtu alikuwa mama fulani, au yule mwenye sauti kubwa, au mke wa fundi. Sasa kila aliyefika aliulizwa: "Wewe kabila gani?" Na ukishaulizwa kila siku, nawe unaanza kumuuliza mwenzio kimoyomoyo. Alikuwapo mwanamke jina lake Hija, mama yake Mzaramo, baba yake Mmanyema. Asubuhi Salumu alimfukuza kwa kuwa ni mgeni. Jioni wageni walimfukuza kwa kuwa ni Mzaramo mwenzake Salumu. Alikwenda kuteka bondeni, kwenye maji ya ng'ombe.

Asubuhi tulikuwa tunakwangua kisima, na jioni wenzetu walikuta tope. Wanyamwezi walikuja juu, vijana wa Salumu wakawapiga kwa fimbo, na watani wetu wa miaka yote wakaacha hata kuvuka njia kutusalimu. Baba alimwambia Salumu airudishe ile kofia. Salumu akajibu kwa adabu, macho chini: "Baba, hiki ndicho kitu cha kwanza nilichopewa na mtu yeyote."

Haikupita muda, mtaa ukashikwa na tumbo. Watoto walianza, kisha wazee. Baba akalala, na kila siku akawa mwepesi zaidi kitandani. Hapo ndipo neno likatoka, sijui kinywani mwa nani: Kornelio ameonekana ameinama kisimani baada ya magharibi, peke yake. Kokushubira alikuwa mjamzito, anatapika, hana tone la maji ndani, na mumewe alikwenda kuiba ndoo moja ya maji kiza kilipoanza. Hilo ndilo lililotokea. Lakini neno lilipofika mwisho wa mtaa, Kornelio alikuwa amemimina dawa kisimani ili wenyeji waishe na wageni wachukue nyumba zao.

Ilikuwa siku ya Jumamosi mchana, Kornelio akirudi kutoka kazini. Walimsubiri njiani. Nilisikia kelele nikatoka, nikaona watu ninaowajua, watu waliokula ubwabwa kwetu, wakimpiga kwa mawe na kwa mikongojo. Salumu alikuwa mbele na kofia yake. Kornelio alianguka, akainuka, akakimbilia duka la Zoeb, yule Bohora aliyeuza nguo na chumvi pale barabarani. Zoeb mwenyewe alikuwa ameenda mjini. Aliyekuwapo ni mkewe, Rubabbai, mama mtu mzima mwenye miguu mibovu, ambaye sikuwahi kumwona akisimama bila kushika kitu.

Siku ile alisimama. Alimvuta Kornelio ndani kwa ukosi wa shati, kisha akatoka yeye mlangoni, akashika miimo miwili kwa mikono yake miwili.

"Mtoe!" watu walipiga kelele.

"Sitoi."

"Ametia sumu kisimani!"

"Mie pia nakunywa kisima hicho. Zoeb anaharisha, mie naharisha. Huyu pia atakuwa anaharisha kama nyie hamjamuua." Akamtazama Salumu. "Salumu, mama yako alinikanda miguu hii mwaka mzima. Njoo uivunje, upite."

Salumu alisimama. Watu walimngoja yeye, na yeye alikuwa anaitazama ile miguu. Mwishowe akageuka. Wengine hawakutaka kurudi mikono mitupu, wakaja nyumbani kwetu, wakavunja chumba cha Kornelio. Walikata kitanda, wakamwaga unga uani. Wakati huo Kokushubira alikuwa amejificha nyuma ya kitanda cha Baba. Mama alikuwa amemfunika kwa khanga zake, akakaa mlangoni akichambua mchele kana kwamba hasikii chochote. Lilipoingia giza nilimsindikiza kwa Rubabbai.

Baba alisikia yote. Alituuliza, "Yule Mhaya wangu yuko wapi?" Akauliza tena, na mara ya tatu hakuuliza, aligeukia ukutani. Jumatatu asubuhi alifariki.

Sijui kama naweza kueleza ubaya wa msiba ule. Watu walijaa, Maalim Fakihi alikuja, maiti ilioshwa ikavishwa sanda, kila kitu kikafanywa sawasawa. Lakini hakukuwa na mtani. Ng'ambo ya njia milango ya Wanyamwezi ilikuwa imefungwa. Kaburi lilichimbwa na wapwa zetu wenyewe, kimya kimya, kama watu wanaoficha kitu. Mama aliketi chumbani nyuma ya pazia amevaa nguo za eda. Wanawake walilia, kisha kilio kikakatika. Jeneza lilikuwa ukumbini, adhuhuri imeshaswaliwa, na hakuna aliyenyanyuka kulibeba. Tulikuwa tunangoja kitu ambacho tulijua hakiji.

Ndipo nikamwona Kornelio.

Alikuwa anakuja peke yake kutoka barabarani, kichwa kimefungwa kipande cha bafta, jicho moja limevimba limeziba. Barazani wanaume walisimama. Mmoja aliokota fimbo. Kornelio hakumtazama mtu. Alipita katikati yao, akaingia ukumbini, akapita ubavuni mwa jeneza mpaka kwenye msumari ambako koti la Baba lilikuwa limetundikwa, akalishusha akalivaa. Lilimfika magotini. Akachukua bakora ya Baba. Akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, akainamisha shingo kidogo kushoto, akakohoa.

Nywele zilinisimama. Kilikuwa kikohozi cha Baba. Kila alfajiri, tangu niko mtoto, Baba alipita ukumbini hivyo hivyo akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, akitufokea tuamke tuswali. Na huyu mtu mfupi wa Bukoba, aliyelala chumba cha mwisho akiyasikiliza hayo miaka yote, alianza kutembea mwendo ule, akiburuta kidogo mguu wa kulia, akagonga mlango wa kwanza.

"Nyie! Mmekufa? Jua limetoka!"

Akagonga wa pili. "Chausiku! Kuachwa si ugonjwa, amka!" Maneno hayo Baba aliniambia kweli, na sikujua kama kuna mtu aliyasikia. Akafika mlango wa Mama, akagonga kwa kichwa cha bakora, taratibu, kama Baba alivyomgongea yeye peke yake.

"Mwanakombo. Chai iko wapi? Au leo mnanisafirisha na njaa?"

Mtu wa fimbo alikuwa amefika nyuma yake. Maalim Fakihi alinyoosha mkono akamzuia. Wote tulitazama pazia la Mama. Kwa desturi, mtani akikutupia neno ukalinyamazia, umemkataa. Na angekataliwa pale, sidhani kama Kornelio angetoka mzima. Pazia halikutikisika. Nilimsikia Mama akivuta pumzi.

"Nani huyo?" sauti yake ilitoka imekwaruza. "Nani ananigongea mlango na mume wangu bado hajatoka ndani? Mume wangu alikuwa mrefu. Hiki kinu kilichovaa koti kimetoka wapi?"

"Kinu kimetoka Bukoba, Mama. Kimekuja kutwanga Wazaramo, wavivu hawa, wameshindwa hata kumbeba mzee wao!"

"Mla ndizi we! Kule kwenu mnakula hata panzi, utaweza wapi kubeba mtu?"

Mahali fulani kati ya wanawake mmoja aliguna. Kisha mwingine. Kisha kicheko kikapasuka, kicheko chenye machozi, na mama yangu nyuma ya pazia alikuwa analia kwa sauti kubwa kama hakuwa amelia tangu asubuhi. Nami nililia. Nilihisi Baba amepita kweli ukumbini, ametuaga mlango kwa mlango, na aliyemleta ni mtu tuliyempiga mawe.

Kornelio hakucheka. Alikwenda akasimama mlangoni, akanyoosha bakora kuziba njia.

"Mwishehe hatoki. Nataka haki yangu ya utani."

Kwa kawaida mtani hupewa senti kidogo au kuku. Mwana wa marehemu ndiye hutoa. Salumu alikuwa amesimama kichwani pa jeneza, uso umemsinyaa kama aliyeumwa. "Unataka nini?" aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza katika siku nyingi kumsemesha yule mtu ana kwa ana.

"Maji."

"Yapo mtungini."

"Ya kisimani. Na uyateke wewe mwenyewe, mwenye kofia."

Saa za wageni zilikuwa bado. Kila mtu pale alilijua hilo. Salumu aliitazama ile bakora iliyoziba mlango. Kisha alivua ile kofia nyekundu, akaiweka juu ya mkeka, akachukua ndoo. Watu walimpisha. Tulisikia kamba ikiteremka kisimani, na ndoo ikigonga tope, na kamba ikipanda tena. Alirudi na bakuli lililojaa maji ya rangi ya udongo.

Kornelio alilipokea kwa mikono miwili. "Mmesema humu ndani mna sumu yangu," alisema, na sasa haikuwa sauti ya Baba, ilikuwa yake, ya polepole. "Kama imo, inirudie mwenyewe mbele ya mzee huyu." Akanywa. Akanywa nusu, akampa Salumu bakuli.

Kaka yangu alilipokea. Alinywa mpaka akageuza bakuli chini.

Bakuli lilikuwa bado mkononi mwake makelele yalipotokea njiani. Milango ya ng'ambo ilikuwa imefunguka, na Wanyamwezi walikuwa wanakuja mbio, wanaume kwa wanawake, majembe mabegani, majivu usoni.

"Wezi! Tunaibiwa msiba mchana kweupe! Mhaya, nani kakupa msiba wetu? Mwishehe ni maiti yetu sie!"

"Mmechelewa!" Kornelio aliwafokea. "Nyie mlilala!"

"Toa koti! Toa koti hilo, kinu we!"

Walimvua koti, wakaligombania, na Baba alitoka nyumbani kwake kwa kelele, matusi na vicheko, jeneza likizuiwa kila baada ya hatua kumi, kama alivyostahili. Makaburini Kornelio hakuingia kwenye swala, alikaa mbali kidogo. Lakini Wanyamwezi walipomaliza kufukia walimwita, wakampa jembe, akaweka udongo wa mwisho.

Siku iliyofuata aliharisha vibaya sana, siku mbili nzima, na Salumu vivyo hivyo. Choo chetu kilikuwa kimoja, kwa hiyo walikutana sana njiani. Huo ndio utani wa kwanza ambao mtaa uliwatania. Lakini kila mtu alielewa pia kwamba sumu ilikuwa ni maji yenyewe, tope tulilokuwa tunakwangua. Wiki ile ile watu walishuka kisimani kwa zamu kukichimba zaidi, na hakuna aliyepanga zamu kwa kabila. Alishuka aliyekuwa na nguvu. Maji yakaja, si mengi, ila masafi. Wanawake wakaanza kwenda alfajiri wote pamoja. Ubao ulibaki pale mtini, na Salumu alisimama chini yake siku chache zaidi, kisha akarudi kwenye magunia yake. Bwana shauri alipopita na kuuliza kama amri yake inafuatwa, alijibiwa kwamba hakuna ugomvi, akaandika hivyo akaondoka ameridhika.

Sitasema kila kitu kilinyooka. Waliovunja kile kitanda hawakuwahi kukilipa. Hija alihama, akaenda Vingunguti kwa ndugu wa baba yake, hakutaka tena kutuona. Na sikumsikia Salumu akimwomba Kornelio radhi. Alimsalimu, basi. Lakini Kokushubira aliposhikwa na uchungu, aliyekimbia kumwita mkunga hakuwa mwingine ila Salumu.

Siku moja nilimuuliza Kornelio kwa nini alikuja, na uso ule, kati ya watu wale.

"Nilitaka kumlilia mzee," alisema. "Ningekuja mpangaji, mngenifukuza. Ningekuja Mhaya, mngeniua. Nilitafuta nafasi ambayo mtu hafukuzwi, nikaona ni moja tu. Kwa hiyo nikaikalia, ingawa haikuwa yangu."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka magoti yakagongana. Lile koti lilinisaidia. Lilikuwa refu."

Mtoto alizaliwa mchana, mwanamume. Kornelio alirudi mbio kutoka kazini, akaingia chumbani: Kokushubira anatabasamu mkekani, mtoto hayupo. Alikuwa chumbani kwa Mama, nyuma ya pazia la eda, amefungwa khanga, na mlango ulilindwa na wanawake wa Kizaramo wamejipaka unga usoni kama watani.

"Nipeni mwanangu," Kornelio aliomba.

"Mwana wako yupi?" Mama alijibu kutoka ndani. "Huyu ni Mzaramo. Angalia pua yake. Ukimtaka, lete senene, wale panzi wenu, kikapu kizima."

"Senene, Mama? Hapa Mtoni? Senene wako kwetu, Bukoba!"

"Basi panda treni."

Alikaa chini kizingitini, koti la ukarani mwilini, akibembeleza, akitukana, akitukanwa, mpaka wapita njia wakaanza kusimama kutazama. Alitoa jogoo, wakamkataa, wakasema amekonda kama Mnyamwezi. Ng'ambo ya njia mtu akajibu kwa tusi kubwa. Ndani, mama yangu, ambaye tangu msiba alikuwa hali vizuri, alikuwa amemlaza yule mtoto kifuani, anamchezesha vidole, na wala hakuwa na haraka hata kidogo ya kumrudisha.